Wakubwa Wamesema

Ninaikumbuka asubuhi moja ya kiangazi, mwanangu, mume wangu alipofungwa mikono kwa kamba ya katani kwa ajili ya neno moja. Neno lenyewe hakulisema yeye. Lilisemwa na mtu mwingine, ambaye hakuwa na nia mbaya, likapokewa mdomo kwa mdomo, na kila lilipopokewa likanenepa, hata lilipotufikia sisi lilikuwa na uzito wa kumfunga mtu.

Sogea karibu na jiko. Mguu wangu huu hauelewani na baridi, na habari yenyewe haitaki haraka.

Jana nilikusikia ukizungumza na yule mama aliyekuja kukuuliza habari za kibanda chake cha sokoni kule Same. Ulimjibu kwa adabu, sikatai, na ulimpa kiti. Lakini mwisho ulimwambia, mama, wakubwa bado hawajasema. Akashukuru, akafunga kanga yake vizuri, akaondoka. Mimi nikabaki nikijiuliza ni wakubwa gani hao, na kama wewe uliyeajiriwa juzi ofisini kwao umekwisha kuwaona. Sikukuuliza mbele ya mgeni. Mtoto hakaripiwi mbele za watu akiwa ameanza kuota ndevu. Ndiyo maana nimekuita leo.

Enzi zetu, maneno ya kuwataja walio juu yalikuwa mengi kuliko walio juu wenyewe. Palikuwa na mfumwa, mtawala wetu sisi Wapare, na juu yake Bwana Shauri, Mwingereza aliyekaa bomani Same. Stesheni ya garimoshi palikuwa na watu wa daraja la kwanza, nao walikuwa na benchi lao lenye kivuli, hata kama halikukaliwa na mtu juma zima. Kanisani tulikuwa na wazee wa usharika waliokaa mbele. Wafanyabiashara waliotoka pwani waliwaita wenzao waungwana, na sisi wa milimani hatukujua tuwekwe wapi. Leo nasikia ninyi mna waheshimiwa, mna vigogo, mna watu wazito. Maneno hayo yote hayanisumbui. Mfumwa alikuwa na uso, ukimtafuta unamkuta. Bwana Shauri alikuwa na kofia na mbwa wake wa kahawia. Neno lililotutisha kuliko yote lilikuwa lile lisilo na uso wala nyumba, nalo ni hilo ulilolitumia jana. Wakubwa.

Usiniulize mwaka. Vita ya Hitla ilikuwa imekwisha, na vijana waliopelekwa kupigana Bama walikuwa wamerudi na makoti yao mazito. Mimi nilikuwa nimeolewa si zamani, nina mtoto wangu wa kwanza mgongoni. Mume wangu, Sefania, babu yako ambaye wewe humjui ila kwa picha ile ya ukutani, alikuwa mtu wa maneno machache na mikono isiyotulia. Tuliishi ua mmoja na mama yake, Nakijwa, mjane, mwembamba kama mpini, mwenye sauti ya chini ambayo ilikulazimu kunyamaza ili uisikie. Yeye alizungumza Chasu, lugha yetu sisi Wapare. Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia chumvi tu. Mimi nilikuwa nimesoma misheni, kwa hiyo kila palipohitajika Kiswahili niliitwa mimi.

Mwaka ule vuli haikunyesha. Yalidondoka manyunyu ya kulowesha vumbi, kisha mbingu ikafunga mlango. Lakini sisi tulikuwa na ndiva, lile bwawa la udongo na mawe ambalo babu zetu walilijenga juu ya mashamba. Maji ya kijito yalijaa humo usiku, asubuhi mzibo ukafunguliwa, yakashuka kwa mifereji hadi shamba la mwenye zamu. Zamu zilijulikana. Mzee wa ndiva alizigawa kwa nyumba na ukoo, na hata watu waliogombana kwa mipaka hawakugombana kwa zamu, kwa sababu kila mmoja alijua kesho ni yake. Maharage yetu yalikuwa yanatoa maua. Ukiyakosesha maji maharage wakati wa maua, umekosa mwaka mzima.

Ndipo akaja Kajiru. Huyu alikuwa tarishi wa baraza la mfumwa, kijana wa pale pale kijijini, aliyepewa fulana nyeusi na mkanda, akaanza kutembea kana kwamba njia ni nyembamba kwake. Alitukuta ndivani asubuhi, watu wamekusanyika. Hakuamkia wazee. Alisimama juu ya ukuta wa bwawa akasema, "Wakubwa wamesema. Maji yote yateremke bustani ya baraza mpaka mvua inyeshe. Zamu zenu zimesimama."

Hakuna aliyeuliza. Nakwambia ukweli, mwanangu, tulikuwa watu wazima wengi pale, wanaume waliokwenda vitani, na hakuna aliyeuliza. Mzee wa ndiva aliinamisha kichwa, akashika fimbo yake kwa mikono miwili. Ungeulizaje? Angekuwa amesema mfumwa, mtu angemfuata mfumwa. Angekuwa amesema Bwana Shauri, tungejua ni Bwana Shauri. Lakini wakubwa ni nani, na ukibishana nao unabishana na wangapi? Kila mtu aliwaona kichwani mwake kwa namna yake, na kila mtu aliwaona wakali.

Basi maji yakashuka kwenda barazani, kwenye bustani ya kabichi na maua iliyozunguka nyumba ya wageni wa serikali. Sisi tukakaa tukiyatazama yakipita kando ya mashamba yetu. Majani ya maharage yakaanza kujikunja mchana, na jioni hayakunjuki tena. Mama mkwe alikuwa akipita kwenye mistari akiyagusa kama mtu anayepima homa ya mtoto.

Sefania alivumilia, kisha siku moja hakuvumilia. Ilikuwa asubuhi ya zamu yetu kwa hesabu ya zamani, sisi na nyumba nyingine zilizo chini yetu. Alipanda ndivani na jembe, akaugeuza mfereji, maji yakaingia shambani kwetu. Sidhani yalifika hata mstari wa katikati. Kajiru alikuwa ameweka watu wa kulinda. Walimshika, wakamfunga kwa ile kamba niliyokutajia, wakampitisha mbele ya mlango wake mwenyewe. Kajiru akatangaza kwamba huyu amewakaidi wakubwa, na kwamba kesho atashushwa Same, na akishafika Same atapakiwa garimoshi kwenda jela ya Tanga.

Nililia mpaka mtoto mgongoni akalia nami. Majirani walikuja wakasimama uani, na mmoja wao akasema pole pole kwamba wakubwa hawachezewi. Nami, kwa hofu yangu, nikamgeukia mama mkwe nikamwambia tukae kimya, tusije tukaongeza kosa. Nikamkumbusha methali niliyofundishwa misheni, kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Niliitafsiri kwa Chasu kabisa, nikijiona nina hekima.

Mama mkwe alikuwa anajifunga nguo kiunoni. Aliacha, akanitazama.

"Mkuu wa methali hiyo namjua," alisema. "Ni yule aliyepita njia kabla yako akakuonyesha penye shimo. Ana jina na ana nyumba, na ukivunjika guu yeye ndiye anayekuja kukufunga banzi. Hawa wakubwa wa Kajiru wanakaa nyumba gani, mkwe wangu? Mwanangu akivunjika, nani kati yao atakuja?"

Akaniambia nichukue mtoto, tunakwenda barazani.

Tulimkuta Kajiru mlangoni. Mama mkwe alimwuliza aliyesema maji yasimame ni nani. Kajiru akajibu kwamba yeye ni mtu mdogo, anatumwa tu, wakubwa ndio waliosema. Nilistaajabu kidogo hata katika huzuni yangu. Asubuhi alikuwa mrefu, adhuhuri amekuwa mtu mdogo. Akatuingiza ndani.

Mfumwa wetu, jina lake ninaliacha kwa sababu wajukuu zake wapo na ni watu wema, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa makamo, mnene kiasi, mwenye wasiwasi. Alikuwa amekaa kati ya watu wake na watu wa Same kama nafaka kati ya mawe ya kusagia. Nilipiga magoti nikamwamkia shikamoo. Mama mkwe hakupiga magoti, kwa sababu alikuwa amembeba mgongoni mfumwa huyo alipokuwa mtoto mchanga, na wote wawili walilijua hilo.

"Mwanangu," alimwambia, "nimekuja kumwona mkubwa aliyesimamisha maji. Nionyeshe."

Mfumwa akahema. Akasema, "Mama, hata mimi ni mdogo. Nimeagizwa na wakubwa."

Mama mkwe akainua shingo akatazama nyuma ya kiti chake, ukutani, kama anayewatafuta. Hapakuwa na mtu isipokuwa kalenda ya Wahindi wa dukani. Angefanya hivyo mtu mwingine angeonekana ana kejeli, lakini yeye alikuwa anatazama kwa kweli. Katika lugha yetu mkubwa wako ni aliyezaliwa kabla yako, basi. Alikuwa amekuja kutafuta watu wazima wenzake.

"Kama ni kwa kuzaliwa," alisema hatimaye, "basi mkubwa humu ndani ni mimi, na mimi sikusema."

Mfumwa aliinama akatazama viatu vyake. Alijibu kwamba shauri limekwisha kuandaliwa, kesho atashuka nalo mwenyewe Same, na kwamba sisi tubaki nyumbani tuombe Mungu. Mama mkwe akasema Mungu yuko na njiani pia, na kwamba tutashuka naye.

Ndivyo tulivyoshuka, mwanangu, msafara wa ajabu. Mbele Kajiru, akimwongoza Sefania kwa kamba. Nyuma yao mfumwa na fimbo yake, kisha mama mkwe, kisha mimi na mtoto. Njia ile unaijua sasa kwa gari, unaipita ukisinzia. Wakati huo ilikuwa mawe na kona, na kila ulipoteremka ubaridi ulikuacha nyuma, hata ukaingia kwenye miiba na joto la tambarare. Njia nzima Sefania alinigeukia mara moja tu, akaniuliza kama mtoto amenyonya. Nilimjibu amenyonya. Moyo wangu ulikuwa unahesabu garimoshi. Niliposikia honi yake mbali, niliona tayari wanampandisha.

Tulikaa barazani mwa boma tukisubiri, nje, sakafuni. Askari walipita. Makarani walipita na mafaili kwapani. Mama mkwe alikuwa akiuliza kuhusu kila anayepita, huyu je, ndiye? Nami nikamjibu hapana, huyu ni karani tu, huyu ni askari tu. Akasema taratibu, "Nchi hii ina watu wadogo wengi."

Mwisho tukaitwa. Bwana Shauri alikuwa kijana kuliko nilivyomdhania, mrefu, uso wenye madoadoa ya jua, na Kiswahili chake kilikuwa safi kama cha kitabuni, hakina chumvi. Mfumwa akasimama akaeleza shauri. Akasema mtu huyu, Sefania, amekaidi amri ya wakubwa kuhusu maji.

Bwana Shauri akauliza, "Amri gani? Wakubwa gani?"

Mfumwa akafungua mdomo, akaufunga. Nilidhani ni ujanja, kwamba Mzungu anamtega. Kumbe alikuwa anauliza kwa sababu hajui.

Ndipo mama mkwe akanigusa bega akasema maneno yake kwa Chasu. Aliniambia nimwulize huyu mtu, kwa kuwa wengine wote wamekana, je, wewe ndiye wakubwa, na kama ndiwe, kwa nini umeyatoa maji kwenye zamu wakati maharage yana maua. Maneno yale hayakuwa na nguo hata moja. Nikafikiri niyavishe. Nikamwambia Bwana Shauri kwamba mama anaomba huruma ya serikali.

Mama mkwe, pamoja na Kiswahili chake cha chumvi, alilijua neno lile, maana kila mwenye deni dukani hulijua. Akanigusa tena, safari hii kwa nguvu.

"Sikusema huruma," alisema. "Nimesema nani."

Basi nikayasema yalivyo. Nilitazama sakafu, nikayasema yote, mpaka lile la maua. Nilipoinua macho, Bwana Shauri alikuwa ameweka kalamu chini. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi, lakini si kwa hasira, kwa kukumbuka. Akasema kwamba alipolala katika nyumba ya wageni kule juu mwezi uliopita, aliisifu bustani. Alimwambia mfumwa kwamba bustani ni nzuri, na itakuwa huzuni ikikauka. Hayo tu. Hakusema habari za ndiva. Hata ndiva yenyewe, akasema, hajapata kuiona.

Mwanangu, fikiri. Mtu amesimama na kikombe chake cha chai asubuhi, ametazama kabichi, amesema itakuwa huzuni. Neno hilo likamfikia mfumwa likawa Bwana Shauri hataki bustani ikauke. Likamfikia Kajiru likawa wakubwa wanataka maji. Likafika ndivani likawa zamu zenu zimesimama. Na kwa neno hilo la kabichi mume wangu amesimama na kamba mikononi.

Bwana Shauri akamtazama mfumwa. "Basi amri ya kusimamisha zamu ilitoka kwa nani?" aliuliza.

Hapo ndipo roho yangu ilipotaka kutoka, na si kwa ajili ya Sefania peke yake. Kajiru alikuwa mlangoni. Alijua, nasi sote tulijua, kwamba mfumwa ana njia nyepesi. Angesema tu tarishi alikosea, tarishi aliongeza lake, na ingekuwa nusu ya kweli. Fulana ingevuliwa, kamba ingehama kutoka mikono hii kwenda mikono ile, na mfumwa angerudi nyumbani na kiti chake. Niliuona uso wa Kajiru umekuwa kama wa mtoto aliyevunja chungu. Mfumwa alimtazama Kajiru kwa muda, kisha akamtazama mama mkwe, na sijui aliona nini usoni mwa yule mwanamke mwembamba. Akanyoosha mgongo.

"Ni mimi, Bwana," alisema. "Hakuna wakubwa. Huyu kijana nilimtuma mimi, na sikuuliza."

Sijawahi kusikia chumba kikipumua kama kile kilivyopumua. Bwana Shauri akasema mtu afunguliwe na maji yarudi kwenye zamu kama ilivyokuwa tangu zamani, na bustani ingoje mvua kama bustani nyingine. Alimwashiria askari, lakini mfumwa alimtangulia. Akaifungua kamba kwa mikono yake mwenyewe, na kwa kuwa fundo lilikuwa limekaza ilimchukua muda, nasi tukasimama tukimtazama mtawala wetu akihangaika na katani kwa kucha. Sefania alipokuwa huru alimsaidia kuiokota.

Mfumwa alibakizwa ndani. Sisi tukangoja nje kwa hofu mpya, maana sasa tulimhofia yeye. Watu walikuwa wakivuliwa uongozi kwa makosa madogo kuliko hilo. Alipotoka alikuwa na fimbo yake, na alikuwa anatembea kama mtu aliyetua gunia. Alichoambiwa hakutusimulia, nasi hatukumwuliza. Lakini uongozi hawakumnyang'anya.

Garimoshi la Tanga lilipita tukiwa bado mjini. Nililiangalia likiondoka, mabehewa yote mpaka la mwisho, na nilipoona mgongo wake nilikaa chini kando ya njia nikacheka peke yangu, mtoto akaniangalia. Sefania akaniuliza nacheka nini. Mtu aliyeokoka na simba hucheka hata majani.

Tulipumzika chini ya mlima, tukala viazi tulivyobeba, mfumwa akila pamoja nasi kutoka katika kitambaa kile kile. Kajiru alikaa kando. Mama mkwe akamwita, akampa kiazi. Kijana yule akala huku machozi yanamtoka, akamwomba Sefania radhi, na Sefania akamjibu kwa namna yake, akamsogezea na chumvi. Baadaye tulipokuwa tunapanda, sisi wanawake nyuma, nilimsifu Bwana Shauri kwamba ni mtu wa haki. Mama mkwe hakubisha. Alipanda hatua kadhaa, akasema ni kweli amemfungua mwanawe na Mungu ambariki, lakini neno la kwanza lilikuwa lake, na hakuchukua hata punje ya kosa hilo. "Leo mkubwa mle ndani alikuwa huyu wetu," alisema. Kisha akaniomba nimweke mtoto vizuri mgongoni, shingo yake imelala vibaya.

Asubuhi iliyofuata mfumwa alipanda ndivani mwenyewe, wala hakutuma mtu. Alisimama chini pamoja na watu, si juu ya ukuta, akawaambia kwamba zamu zilisimamishwa na yeye na si na wakubwa, na kwamba alikosea. Mzee wa ndiva alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia kwamba watu wa zamani walisema mkubwa ni jalala, kila taka hutupwa kwake naye hupokea, na kwamba leo amepokea. Mzibo ukafunguliwa. Maji yakaingia kwenye mfereji wa wenye zamu, yakisukuma majani makavu mbele yake, na watu wakatembea nayo kandokando hadi mashambani kama wanaosindikiza bibi arusi.

Sitakudanganya kwamba maharage yote yalipona. Yaliyotangulia kutoa maua yalikwisha kufa, na makande ya mwaka ule yalikuwa mahindi, na maharage uliyatafuta kwa kijiko. Lakini hatukulala njaa, na mwenye nyumba alikuwepo mezani. Kajiru naye aliendelea na utarishi wake miaka mingi. Tangu siku ile, akileta habari, alianza na jina. Mfumwa fulani amesema. Karani fulani anaomba. Watu walimtania kwa hilo, naye akakubali kutaniwa.

Sasa nisikilize, maana moto unafifia nami nimesema sana. Siku hizi mimi siwaogopi wenye vyeo, wala sikufundishi kuwadharau. Kichwa lazima kikae juu ya mabega, vinginevyo mwili hauendi. Waite waheshimiwa wakistahili heshima, maana heshima si utumwa. Lakini angalia neno lisilo na mwenyewe. Ukilisikia wakubwa wamesema, uliza kwa adabu, kwa sauti ya chini, ni nani kati yao, na alisema nini hasa. Mara nyingi utakuta ni mtu mmoja aliyesifu kabichi. Mara nyingine utakuta ni kweli, na hapo utatii ukijua unamtii nani.

Na wewe uliye mlangoni pa ofisi sasa, mwanangu, usijifiche katika neno hilo. Ni rahisi. Neno lile ni pana kama blanketi, mtu yeyote hujifunika. Ukiwa hujui, sema sijui. Ukiwa umechelewesha, sema nimechelewesha. Yule mama wa jana hana maji mengine. Kibanda chake ndicho shamba lake, na anapoambiwa wakubwa hawajasema anarudi nyumbani na hofu ya watu wasiokuwepo. Jumatatu mtafute. Mpe jina la mwenye shauri lake, na kama mwenye shauri ni wewe, mpe jina lako. Utaona aibu kidogo, nayo itapita. Cheo ni dhamana, na dhamana hushikwa na mkono unaoonekana.

Haya, inama nikuwekee mkono. Mungu wa baba zako akuinue bila kukupandisha kichwa. Akupe kuketi juu pasipo kuwasahau walioketi chini, na siku jambo litakapoharibika mikononi mwako, akupe kifua cha kusimama mbele za watu na kusema ni mimi. Njia yako iwe na maji na kivuli, na wanaokuja mlangoni pako waondoke wamejua jina lako, walitaje kwa wema. Amina.